Herufi nne ukutani: uchambuzi wa duru moja ya kutegeana stesheni

## Kisa na kilichofichwa

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mwamuzi wa mchezo mdogo wa watu wanaopenda reli. Mmoja anatuma picha ya stesheni ya treni za chini ya ardhi, wengine wanabashiri ni ipi. Katika duru moja nilimnyima haki mtu aliyejibu vizuri kuliko wote, nikampa pointi aliyebahatisha, na mzee wetu mmoja akajitenga wiki tatu. Hapakuwa na hila wala ugomvi wa zamani. Kila aliyekosea alikuwa na sababu njema, mimi nikiwamo, na ndiyo maana naona kisa hiki kinafaa kusomwa na yeyote anayeendesha mchezo wa aina hii.

Majina nimeyaondoa. Wahusika nawaita kwa namna tunavyoitana au kwa nafasi zao siku ile: Mwenye Picha, Mzee, Dada, Shabiki. Tarehe ya duru nimeiacha, na kazi za watu nimezitaja pale tu zilipogusa mwenendo wa mambo. Jina la stesheni sikulificha, kwa kuwa bila hilo hakuna kisa.

## Mchezo wenyewe

Tuko tisa. Mzee alifanya kazi relini enzi ambazo reli ya Afrika Mashariki ilikuwa shirika moja, kabla ya kuvunjika 1977. Waliobaki ni abiria tu, ila abiria wa aina ile inayoshuka kwenye behewa na kusimama kuutazama ukuta wakati wenzao wanakimbilia ngazi. Tumetawanyika: pwani ya Kenya, Dar es Salaam, Muscat, London.

Tumeujenga mchezo juu ya kitendawili cha nyumbani. Ijumaa saa mbili usiku, kwa saa za Afrika Mashariki, mwenye zamu anaandika "Kitendawili", wengine wanajibu "Tega", picha inaingia. Tukishindwa anadai mji, tunampa mji, na zamu yake ijayo lazima atege kutoka mji huo huo tuliompa. Sheria hiyo moja ndiyo iliyotutembeza Cairo, Stockholm na jiji la Mexico bila nauli.

Kwa nini stesheni za chini ya ardhi na si za juu? Stesheni ya juu inajitaja kwa mazingira yake: mnazi, kilima, mnara wa msikiti, anga yenyewe. Ya chini haina dirisha. Kila kinachokuambia uko wapi kimewekwa pale na mkono wa mtu aliyejua kwamba abiria atapotea. Mexico walipofungua njia yao ya kwanza mwaka 1969, kila stesheni ilipewa alama yake ya mchoro, kazi iliyoongozwa na Lance Wyman, ili hata asiyejua kusoma ajue pa kushukia. Chapultepec ina panzi, kwani jina lenyewe kwa Kinahuatl ni kilima cha panzi. Stockholm, kwenye stesheni ya T-Centralen, Per Olof Ultvedt alipaka mwaka 1975 majani makubwa ya buluu juu ya mwamba mweupe. Duru hizo mbili zilikwenda vizuri sana. Picha ilikuwa na jibu ndani yake, na aliyetazama kwa makini alilipata.

Sheria za wakati ule zilikuwa hivi. Sura ya mtu isionekane. Jina kamili la stesheni lisionekane. Mwenye picha amtumie mwamuzi jibu kwa faragha kabla ya kutega. Dokezo lisitolewe kabla ya Jumamosi saa mbili asubuhi. Kila mchezaji ana jibu moja tu, analiandika mbele ya wote, na mwamuzi anakaa kimya mpaka Jumamosi saa mbili usiku. Wa kwanza kupatia anachukua pointi 3.

## Ukuta uliopigwa picha

Hapa sina budi kukawia kidogo, kwa sababu kosa letu lote limo ndani ya vigae.

London ndiko ilikofunguliwa reli ya kwanza ya abiria ya chini ya ardhi duniani, tarehe 10 Januari 1863, lakini ukuta wetu ni wa kizazi kilichofuata. Mwaka 1906 na 1907 zilifunguliwa njia tatu za treni za umeme katika mahandaki ya kina kirefu, chini ya kampuni iliyoanzishwa na Mmarekani Charles Yerkes, ambaye alifariki mwishoni mwa 1905 kabla hata moja haijapokea abiria. Stesheni zake zilichorwa na msanifu majengo kijana, Leslie Green. Kwa nje alizivika vigae vya rangi ya damu ya ng'ombe, na nyingi zinatambulika barabarani mpaka leo. Alifariki 1908 akiwa na miaka 33, na mimi kila nikipita mbele ya jengo lake moja huiwaza hesabu hiyo.

Kwa ndani alifanya jambo ambalo kwa mchezo wetu ni hazina. Kila stesheni aliipa mchanganyiko wake wa rangi na mchoro wake wa vigae kwenye majukwaa, ili abiria wa kila siku akijue kituo chake kwa kutupa jicho, hata kabla ya kusoma. Na jina la stesheni halikupakwa rangi juu ya ukuta. Lilichomwa tanurini pamoja na vigae vyenyewe, kwa herufi kubwa. Kampuni ikibadilisha jina, inatoa kibao kipya na ramani mpya. Ukuta unaendelea kusema jina la mwaka ule.

Ndivyo ilivyotokea kaskazini mwa London. Tarehe 15 Desemba 1906 ilifunguliwa stesheni ya Gillespie Road, katika njia inayoitwa leo Piccadilly. Mwaka 1913 klabu ya Arsenal ikahamia Highbury, hatua chache kutoka hapo. Kocha Herbert Chapman aliishawishi kampuni ya reli mpaka mwaka 1932 stesheni ikachukua jina la klabu, na ndiyo stesheni pekee ya treni za chini ya ardhi London yenye jina la timu ya mpira. Tiketi na ramani zilichapishwa upya. Ukutani, jukwaani, bado unasoma GILLESPIE ROAD.

## Mambo yalivyokwenda

Mwenye Picha anaishi London na siku hizo alikuwa zamu ya usiku. Katikati ya wiki alipiga picha ukuta huo akitoka kazini. Upande wa kushoto, kwenye benchi, alikuwa ameketi mama na mtoto aliyevaa sare ya shule. Kwa kuheshimu sheria ya sura za watu, alikata upande wote ule wa picha, na neno GILLESPIE likaenda nao. Zikabaki herufi nne: ROAD. Kisha, kwa kuwa taa za stesheni zilikuwa zimeipa picha umanjano usiompendeza, akaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Alisema baadaye kwamba aliona mchoro wa vigae umejitokeza vizuri zaidi hivyo.

Ijumaa alasiri alinitumia jibu. Lilikuwa neno moja: Arsenal. Akaongeza kwamba atakuwa kazini usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, simu ikiwa kabatini, na mchana atakuwa amelala.

Saa mbili usiku picha ikaingia. Haikupita dakika, Shabiki akajibu kutoka Mombasa: "Arsenal." Hakuna aliyeshtuka. Alikuwa amejibu hivyo Ijumaa mbili zilizotangulia pia, moja ikiwa picha ya Cairo. Ni mtu ambaye hajafika London, ambaye Jumamosi zake zote huzipanga kwa ratiba ya mechi, na kwake kulitaja jina lile ni aina ya dua.

Kabla ya saa tatu Mzee akatuma maelezo marefu. Nayaweka hapa kwa kirefu kwa kuwa ni kipande bora cha uchambuzi ambacho kundi letu limewahi kupata. Alianza na herufi: zimechomwa ndani ya kigae, hazikupakwa. Kwa hiyo ni London, na ni kazi ya Green, 1906 au 1907. Kwa hiyo ni moja ya njia tatu tu. Kisha akafungua ramani na kutafuta majina yanayoishia na ROAD katika njia hizo: Gloucester Road, Caledonian Road na Holloway Road kwenye Piccadilly, Edgware Road kwenye Bakerloo. Akasema wazi mahali anapokwama: "Kuanzia hapa mtu hubagua kwa rangi, na rangi mmeiondoa. Mwamuzi, turudishieni rangi. Sitaki dokezo, nataka picha kama ilivyopigwa."

Nilikataa. Nilimwandikia, kwa adabu zote, kwamba dokezo haliruhusiwi kabla ya asubuhi. Akaandika "Haya", akaweka Holloway Road kama jibu lake, na wachezaji wawili wakamfuata.

Karibu na saa tano usiku Dada akaingia kutoka Muscat. Aliwahi kuishi London miaka kadhaa na ana mkusanyiko wake wa picha za majukwaa ya njia ile. Jibu lake: Gillespie Road. Alitoa sababu tatu. Alikuwa amehesabu mistari ya vigae inayojirudia kati ya kipande kimoja cha mchoro na kingine, akalinganisha na picha zake za Holloway Road na Caledonian Road, na zote mbili hazikulingana. Alikuwa amepima nafasi kati ya herufi na mkanda wa vigae ulio chini yake. Na alikuwa na picha ya stesheni ya tatu iliyolingana kwa yote.

Nilifungua orodha yangu ya stesheni 272 za London. Nilitafuta kwenye G. Haikuwamo. Nikaandika mbele ya wote: "Stesheni hiyo haipo, Dada. Jibu lako limehesabiwa."

Asubuhi mchezaji mmoja aliweka Caledonian Road, mwingine akanyamaza. Saa mbili usiku wa Jumamosi nikatangaza: Arsenal, pointi 3 kwa Shabiki.

Mzee aliandika mstari mmoja: "Mwanangu, hapa hatutazami tena, tunacheza bahati nasibu." Akakaa kimya. Dada hakuandika neno. Alituma picha yake ya zamani, ya rangi, iliyopigwa kwenye jukwaa lile lile. Kushoto ukutani kunasomeka GILLESPIE ROAD kwa herufi za vigae. Kulia, ndani ya fremu hiyo hiyo, duara jekundu lenye mstari wa buluu, na juu ya mstari huo: ARSENAL.

## Maamuzi na sababu zake

Kulikuwa na maamuzi manne, na nimewauliza wote waliohusika walikuwa wanafikiri nini.

Kukata picha ulikuwa uamuzi sahihi kwa nia, na hata leo nautetea. Mtoto yule hakuomba kuwa sehemu ya mchezo wetu. Kwamba ukataji ule uliondoa pia neno lililofanya picha iweze kujibiwa, Mwenye Picha aliliona kama faida: hakuna ambaye angeandika jina zima na kulitafuta.

Kuondoa rangi ulikuwa uamuzi wa jicho tu. Alitaka picha ipendeze.

Kumkatalia Mzee niliufanya kwa kushika sheria, na kwa jambo la pili ambalo sikulisema usiku ule: picha ya rangi sikuwa nayo. Alikuwa nayo mtu mmoja, na simu yake ilikuwa kabatini. Nilitumia sheria kufunika ukweli kwamba sikuwa na namna. Ningemwambia Mzee hivyo, angenielewa; mtu aliyefanya kazi relini anajua nini maana ya kusubiri ishara kutoka kwa mtu asiyepatikana.

Wa nne ni lile neno "haipo". Sababu yangu ilikuwa orodha. Niliiamini kwa kuwa ilikuwa kamili, na ilikuwa kamili kweli, kwa majina ya leo.

## Matokeo

Mwenye Picha alipoamka Jumapili alithibitisha yote, akatuma picha asilia ya rangi, sura ya mama na ya mtoto zikiwa zimefunikwa. Wachezaji wawili walikiri kwamba walikuwa tayari kumfuata Dada usiku ule, wakaacha waliponisoma. Nilimwomba radhi Dada mbele ya wote, maana nilimkosea mbele ya wote. Nilimpa pointi 3.

Swali la Shabiki lilikuwa gumu zaidi. Wengine walitaka anyang'anywe. Yeye alisema, bila hasira, kwamba sheria ilikuwa wa kwanza kupatia, naye alikuwa wa kwanza na alipatia. Nilikubaliana naye na bado nakubaliana. Sheria mbaya hairekebishwi kwa kumwadhibu aliyeifuata. Alibaki na pointi zake. Kilichomgusa yeye kilikuwa kitu kingine kabisa: hakuwa anajua kwamba kituo cha klabu yake kinabeba ukutani jina la kabla ya klabu kufika. Alituomba picha zaidi, na siku chache baadaye alikuwa anaijua historia ya ile njia ya miguu ndefu yenye mteremko inayoshuka hadi majukwaani kuliko mtu yeyote kati yetu.

Mzee alirudi baada ya Ijumaa tatu. Nilimpigia simu mara mbili kabla ya hapo. Mara ya kwanza tuliongea habari za nyumbani tu, jinsi inavyopasa. Mara ya pili alinieleza jambo ambalo ndilo lililonifungua macho: "Ungeonyeshwa kibao kimeandikwa Port Florence, ungesema hakuna stesheni kama hiyo?" Port Florence ni Kisumu. Ndilo jina lililotumika reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani Desemba 1901.

## Nini kilikwama

Kosa la mzizi ni kwamba picha ilitegwa ikiwa haina tena jibu ndani yake. Nimeihesabu tena hasara ya kuondoa rangi, na ni kubwa kuliko tulivyodhani usiku ule. Ilipotea rangi ya vigae, ambayo Green aliiweka makusudi kuwa kitambulisho. Ulipotea pia ule mkanda wa rangi ya njia unaopita juu ya ukuta: buluu iliyokolea ya Piccadilly ingeiondoa Edgware Road mara moja, maana Bakerloo ni kahawia. Kwa hiyo katika mambo matatu ambayo mtaalamu angeyatumia, yaani jina, rangi ya kigae na rangi ya njia, picha haikubakiza hata moja zima. Kilichosalia ni umbo la mchoro, na umbo linamsaidia tu mwenye picha nyingine za kulinganisha nazo. Mchezaji mmoja kati ya saba alikuwa nazo. Mchezo unaoweza kushindwa kihalali na mtu mmoja tu hauna haki kwa wengine, hata kama mtu huyo ni hodari.

Tena herufi nne zile hazikubana uwanja jinsi Mzee alivyodhani. Yeye alitumia ramani ya leo. Ukichukua majina ya 1906 na 1907, stesheni za Green zenye ROAD si nne. Kuna Gillespie Road. Kuna Brompton Road na York Road, ambazo zilifungwa katika miaka ya 1930. Kuna Euston Road, iliyobadilishwa 1908 kuwa Warren Street. Zinafika nane bila shida. Hoja ya Mzee ilikuwa safi kila hatua ila moja, na hatua hiyo ndiyo ile ile iliyoniangusha mimi: wote wawili tuliuliza ukuta wa 1906 kwa orodha ya leo.

Mimi nilikuwa na lawama zaidi, kwa sababu nilikwisha kuonywa. Miezi michache kabla, katika duru ya Cairo, mmoja wetu alijibu "Mubarak" kwa stesheni ambayo tangu 2011 inaitwa Al-Shohadaa, Mashahidi. Tulimkubalia bila ubishi, kwa kuwa sote tuliishi mwaka ule na tulikumbuka. Badiliko tulilolikumbuka tulilipa haki. La 1932 hatukulikumbuka, nikaliita halipo. Sheria haiwezi kutegemea umri wa kumbukumbu ya mwamuzi.

Kuhusu neno lenyewe: ningeandika "siioni kwenye orodha yangu", Dada angejibu kwa picha yake usiku ule ule na kisa kingeishia hapo. Tena nilivunja sheria ya ukimya, jambo ambalo hakuna aliyelitaja isipokuwa mimi. Mwamuzi anayesema neno moja katikati ya duru anahamisha watu, na niliwahamisha wawili kutoka kwenye jibu sahihi.

Na hatimaye, mwamuzi alikuwa na neno moja tu mkononi. Jibu la "Arsenal" lisilo na maelezo halikunipa namna ya kutambua jibu hilo hilo likija na vazi jingine.

## Nini kilifaa

Sheria ya sura za watu ilishika, na ilishika chini ya shinikizo la picha nzuri. Hilo si dogo.

Ufafanuzi wa Mzee ulikuwa na thamani hata ulipokosea. Kwa kuwa alieleza kila hatua, tuliweza baadaye kuweka kidole mahali hasa hoja ilipoteleza. Jibu la Shabiki, lililokuwa sahihi, halikutufundisha kitu chochote kuhusu ukuta. Jibu la Mzee, lililokuwa na kosa, limetufundisha nusu ya yaliyomo humu. Na njia ya Dada, ya kuhesabu mistari badala ya kusema "naona kama", imeigwa na wengine. Siku hizi naona watu wanatuma vipande vya picha vimechorwa alama za hesabu, mistari minne hapa, sita pale, na moyo wangu unafurahi.

## Tulichobadilisha

Mwenye picha sasa anamtumia mwamuzi jibu pamoja na majina yote ambayo stesheni imewahi kuwa nayo, na anataja ni kitu gani ndani ya picha kinachothibitisha jibu. Asipoweza kukitaja, picha haitegwi. Rangi haiguswi. Mtu akionekana, anafunikwa mahali alipo badala ya kukatwa pamoja na ukuta. Na pointi zimegawanywa: 1 kwa jina, 2 kwa ushahidi uliomo katika picha, hata kama jina limekosewa kwa karibu. Kwa hesabu hiyo mpya Mzee angepata 2 usiku ule na Shabiki 1.

Picha ya kwanza chini ya sheria mpya ilitoka njia ya Victoria, ambayo stesheni zake zilizofunguliwa kuanzia 1968 zina michoro ya vigae ukutani penye viti. Ilikuwa miti saba, yaani Seven Sisters, na wachezaji wanne waliipata kwa ushahidi. Ya pili ilikuwa Warren Street, nayo ilitegwa kwa picha mbili: jukwaa la njia ya Victoria lenye mchoro wa njia za kupoteana, na jukwaa la njia ya Northern ambako vigae bado vinasema EUSTON ROAD. Stesheni moja, kuta mbili, majina mawili. Aliyepata pointi zote 3 alikuwa Shabiki, kwa maelezo ya mistari tisa.

Jambo moja halijaamuliwa. Dada anataka stesheni zilizofungwa, kama Down Street na Brompton Road, ziruhusiwe kutegwa, kwa kuwa kuta zake zipo na treni zinapita karibu nazo kila siku. Mzee yuko upande wake. Shabiki anapinga: anasema stesheni ni mahali pa kushuka, na pale hakuna anayeshuka. Tutapiga kura Ijumaa ijayo kabla ya kutega, na mimi nimeomba nisipige.